Mifuko Mgongoni, Kisiwa kwa Kisiwa



Wengi mmetuuliza tulipotelea wapi mwezi wa saba. Tulikuwa ziwani. Sisi wamama sita wa chama tulibeba mifuko mgongoni tukatoka Bukavu mpaka Goma, si kwa boti moja kama kawaida, ila kisiwa kwa kisiwa, siku tisa. Tumesikia pia kwamba kuna wanaosema tulienda kutembea kwa pesa ya kasha. Kasha lilitoa dolari 60 kwa safari nzima, na hapa chini tutaeleza zilikokwenda, hata zile tulizopoteza. Nyingine zote zilitoka kwetu wenyewe.

Sababu ya safari mnaijua. Tarehe 15 mwezi wa nne mwaka wa 2019, boti iliyotoka Goma ilizama upande wa Kalehe. Zaidi ya watu mia moja hawakuonekana tena. Rais Félix Tshisekedi alifika Kalehe kufariji familia, na ikaamriwa kwamba tangu hapo kila msafiri wa ziwa avae jile, kile kizibao cha rangi ya machungwa kinachofungwa kifuani ili mtu aelee. Kati ya waliopotea alikuwamo dada wa mwenzetu mmoja, akirudi na vitenge vyake vya kuuza. Hatutaandika jina. Mnamjua, mlikuja kwenye kilio.

Sasa katika chama chetu kuna wamama tisa wanaoishi kwa mananasi ya Idjwi. Kila juma wanavuka, wananunua, wanarudi kuuza Kadutu na Nyawera. Kwenye kikao cha mwezi wa tano walikuja kuomba mkopo wa kasha kama kila mwaka, na hapo ndipo makelele yalipoanza. Nusu ya kikao ilisema pesa ya kasha isipandishwe tena kwenye maji, maana boti ikizama mkopo umezama na mama amezama. Nusu nyingine ikauliza: na watoto wa hao tisa watakula nini, woga? Mama Prezida alikata maneno. Alisema waende watu wakaone, kisha warudi waseme. Aliuliza nani, mbali na wale tisa, amewahi kukanyaga visiwa vile. Mikono minne tu iliinuka. Tunakula samaki wa ziwa hili tangu kuzaliwa, na visiwa vyake tunavijua kwa mbali tu, kama picha ya kwenye kalenda.

Mwenzetu yule ndiye aliyetushangaza. Alisema na yeye atakwenda.

Neno moja juu ya mifuko. Binti wa mmoja wetu, anayesoma chuo kikuu, alituambia kwamba wazungu vijana wana namna yao ya kusafiri: mtu anatia vitu vyake vyote kwenye mfuko mmoja wa mgongoni, analala anapopata, anakula chakula cha wenyeji, anahama kisiwa hadi kisiwa bila haraka. Wanakwenda hivyo mpaka Indonesia na Ufilipino. Tulicheka sana. Kwetu kubeba mgongoni si mchezo. Ninyi wote mnawaona wamama wanaopanda kutoka bandarini, kamba imepita kwenye paji la uso, gunia la unga au makaa mgongoni, wameinama mpaka macho yanatazama miguu yao wenyewe. Wawili kati yetu waliifanya kazi hiyo miaka mingi, na mmoja ana alama ya kamba kwenye paji mpaka leo. Alipovaa mfuko wa binti, wenye mikanda miwili ya mabegani, alizunguka kidogo uani, akarudi, akasema: «Kumbe mtu anaweza kubeba mzigo na kuangalia mbele.»

Tulitia kitenge cha kujifunika, sweta, sabuni, kopo, dawa za malaria, mandazi, na unga wa muhogo kilo mbili kila mmoja. Unga ule ulikuwa ujinga. Kupeleka unga wa muhogo Idjwi ni kupeleka maji ziwani.

Tuliondoka siku ya kazi ya pili, asubuhi, Beach Muhanzi. Kabla ya kupanda, kila mtu alinawa mikono kwa maji ya klori na kupimwa homa kwa kile chombo kinachoelekezwa kwenye paji, kwa ajili ya Ebola iliyokuwa ikiwasumbua ndugu zetu wa Beni na Butembo wakati ule. Hakuna aliyenung'unika. Boti ilikuwa ya mbao, injini nyuma, turubai juu. Majile yalikuwemo, tuliyaona: yamefungwa pamoja kwa kamba moja kama mzigo wa kuni. Alipofika mtu wa kukagua, kamba ilifunguliwa, tukavalishwa, akahesabu, akashuka. Boti ilipoacha nyumba za mwisho za mji, kijana mmoja akaanza kuyakusanya tena. «Yasichafuke,» alisema. Mwenzetu alilishika lake kwa mikono miwili. Kijana alimtazama usoni, akaacha. Akatuacha na sisi wengine watano. Wasafiri wengine walilivua kwa hiari, maana jua lilikuwa limeanza kuchoma na kitu kile kinanuka jasho la watu.

Ni ukiwa majini ndipo unapoielewa Bukavu ilivyo: rasi zake zimeingia ziwani kama vidole vya mkono uliolowekwa. Upande wa kuume tuliiacha Nkombo, kisiwa cha Rwanda, ambako watu wanasema lugha ya jamaa zao wa upande wa Congo. Mpaka ulipitishwa katikati ya maji, lugha haikuusikia. Karibu nasi alikaa baba mmoja mwalimu wa shule ya msingi, na alifurahi kupata wanafunzi. Alituambia ziwa letu liko juu, karibu mita 1460 kutoka usawa wa bahari, na ndiyo maana asubuhi zake zina baridi. Halina mamba wala kiboko, watoto wa visiwani wanaoga bila kuogopa mnyama. Lakini lina kina: penye kina zaidi ni karibu mita 480. Na huko chini kumelala gesi, ile ambayo majirani zetu wa Kibuye wameanza kuivuta na kuichoma kupata umeme.

Mwenzetu aliuliza swali moja tu: anayezama penye kina kile anafika wapi? Mwalimu alinyamaza. Halafu alifungua mkoba wake, akatugawia karanga.

Kisiwa cha kwanza tulichokanyaga ni Ibinja. Ni kidogo, migomba na muhogo vimeshuka mpaka karibu na maji, na kila nyumba inatazama mtumbwi wake kama sisi tunavyotazama mlango. Tulilala kwa mama mmoja mwenye duka la chumvi, sabuni na mafuta. Tulimweleza mabishano ya kikao chetu. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema binti yake alizalia kwenye mtumbwi, usiku, wakimvusha kumtafutia mkunga. «Ninyi mnaulizana kama mpande maji au msipande,» alisema. «Sisi hapa hatuna swali hilo.» Wala hakusema kwa ukali. Alikuwa anachambua maharage.

Siku ya tatu tulifika Idjwi, upande wa kusini.

Idjwi ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Kivu, kirefu kama kilomita 40. Ni teritware nzima, yenye shefuri mbili, Ntambuka kusini na Rubenga kaskazini. Tulidhani tutakizunguka kwa miguu siku moja, na watu wakatucheka. Ni milima. Unapanda kati ya migomba na mibuni, unafika juu, unaliona ziwa pande mbili, Congo kushoto na Rwanda kulia, halafu unashuka na kupanda tena. Magari ni machache mno, pikipiki zinapita kwenye vijia ambavyo mbuzi angefikiri mara mbili. Usiku unasikia wadudu na mtu anayekohoa nyumba ya tatu. Sisi tuliozoea risasi za Bukavu, tulilala vibaya usiku wa kwanza kwa sababu ya kimya. Vita vilivyoichoma Kivu tangu 1996 vilikizunguka kisiwa hiki bila kukimaliza, na mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walikuja kujificha hapa kwa mitumbwi. Wenyeji wanasema kwa fahari kwamba kisiwa chao ni cha amani. Amani ipo, tumeiona. Lakini amani peke yake hailipi shule, na hilo pia wanalisema.

Kwa wale tisa wa mananasi, haya ndiyo tuliyoyaona. Nanasi zuri shambani lilikuwa franka 300, kubwa kabisa 500. Bukavu mlikuwa mnaliuza 1000 mpaka 1500. Faida inaonekana nene, mpaka uhesabu mbebaji wa kulishusha bandarini, tiketi ya boti kwenda na kurudi, ushuru wa hapa na pale ambao kila siku una jina jipya, na mananasi yanayopondeka chini ya magunia. Mama mmoja mkulima alituonyesha kosa letu: tunanunua yaliyoiva tayari. Tukinunua yenye macho yaliyoanza tu kugeuka njano chini, yanafika mazima. Alishangaa kwamba kwa miaka yote hakuna mnunuzi wa Bukavu aliyewahi kumuuliza.

Tulikwenda pia kuona kahawa, na hapo tulikaa siku mbili ambazo hazikuwa kwenye mpango.

Vijana hawajui, wazee wanajua: kwa miaka mingi kahawa ya Idjwi ilikuwa haina bei upande wetu. Upande wa Rwanda bei ilikuwa afadhali. Basi wanaume walikuwa wanasubiri usiku usio na mwezi, wanapakia magunia kwenye mtumbwi, wanapiga kasia kuvuka. Kurudi walileta sabuni, chumvi, nguo. Wengine walikamatwa, wengine waliibiwa, na wengi walikutana na upepo katikati ya ziwa, mtumbwi umejaa, hakuna taa, na ukipiga kelele unajitia mikononi mwa askari. Ndiyo maana kisiwa hiki chenye amani kina wajane wengi namna ile. Hawakuuawa na bunduki. Waliuawa na gunia la kahawa.

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Kuna makooperative yenye vituo vya kuosha kahawa. Wamama wanaleta buni nyekundu, inatiwa kwenye maji, inayoelea inatolewa kwa sababu haina uzito, nyingine inamenywa, inachachushwa, inaoshwa, halafu inaanikwa kwenye meza ndefu za waya. Tulikuta msimu unakwisha. Wamama walikuwa wamekaa pande mbili za meza wakichagua punje moja moja, mikono inakwenda kasi kuliko macho yetu. Pesa wanapokea hapo hapo kisiwani, na jina linaloandikwa kwenye daftari ni la mama mwenyewe. Si pesa nyingi. Lakini mume aliyebaki hana tena sababu ya kungoja usiku usio na mwezi.

Kati yao kulikuwa na mama mzee mmoja aliyetukaribisha kwake. Mume wake aliondoka na magunia mawili. Mtumbwi ulionekana asubuhi karibu na nchi kavu ya Rwanda, tupu. Mwili haukuonekana. Alisimulia hayo akikoroga bukari, bila kusimamisha mkono. Alisema kwa miaka saba hakuteka maji kwenye ghuba ile iliyo chini ya nyumba yake. Kila siku alipanda kilima na mtungi, akashuka upande mwingine, nusu saa kwenda na zaidi ya hiyo kurudi, ili asiteke mahali alipomwona mara ya mwisho akisukuma mtumbwi.

Mwenzetu, ambaye tangu Ibinja alikuwa hajasema maneno kumi, alimwuliza: «Mama, na siku ya kwanza uliyoteka tena kwenye ghuba, ulifanyaje?»

«Watoto walikuwa wamechoka kubeba,» mama mzee alijibu. «Nilishuka nikateka.»

Tulingoja aongeze neno. Hakuongeza. Alitugawia bukari na sombe na sambaza za kukaanga, na baada ya kula wawili hao walishuka ghubani kuosha vyombo, sisi wengine tukabaki juu. Walikawia. Hatukuuliza waliongea nini na hatutauliza.

Jambo jingine la kusini tusilifiche. Tulipita kwa Bambuti, kwenye vijumba vya majani pembeni ya mashamba ya wengine. Wamama wao wanafinyanga mitungi kwa mikono, bila gurudumu, na kuichoma kwa nyasi. Msitu waliouishi zamani ulikatwa ukawa mashamba, na wao hawakubakiziwa hata pa kupanda viazi. Aliyetuongoza, mtu mwema kabisa kwa mambo mengine, alitunong'oneza tusinywe kwenye kopo lao. Mmoja wetu aliomba maji kwa sauti, akanywa, akapitisha kopo kwa wa pili, na wa pili kwa wa tatu, mpaka wote sita. Hatusemi hili kujisifu. Maji yalikuwa matamu na tulikuwa na kiu. Tulinunua chungu kimoja kwa franka 2000, bila kupunguza bei. Kilifika Goma mzima ndani ya sweta, na sasa kinapika maharage ya vikao vyetu.

Kwenda kaskazini tulitembea, tukapanda pikipiki, tukatembea tena, tukafika Bugarula miguu imevimba. Hapo ndipo penye kisa cha dolari zilizopotea.

Boti ya Goma ilikuwa inaondoka saa nane mchana. Tulilipa franka 5000 kila mmoja, jumla 30,000, tukapewa vikaratasi, tukapanda. Halafu watu waliendelea kupanda. Magunia ya muhogo, ndizi, mbuzi tisa, mama mjamzito, wanafunzi wenye magodoro. Tulihesabu watu tukafika 70 na tukaacha, maana wengine walikuwa wameketi juu ya mizigo, huwezi kuhesabu miguu tu. Majile yalikuwa 22. Upepo wa mchana wa kiangazi ulikuwa umeshaanza, na ziwa lilikuwa na yale mawimbi mafupi yenye povu.

Mmoja wetu alimwendea mwenye boti kwa adabu, akamwuliza majile mengine yako wapi. Alisema yako Goma. Tukamwuliza kwa nini basi anapakia watu wasio na jile. Alisema: «Mama, ziwa hili nimelivuka tangu sijaoa. Mnaogopa nini? Kila mtu na siku yake.» Watu kwenye boti walianza kutupigia kelele kwamba tunawachelewesha. Kijana mmoja alisema wamama wa mji wana maneno mengi. Tulitazamana. Hatutawadanganya, wapenzi: watatu kati yetu walitaka kukaa. Pesa imeshalipwa, usiku unakuja, na kulikuwa na kikao cha kurudia. Mwenzetu hakusema kitu. Alichukua mfuko wake, akavuka juu ya mbuzi, akashuka. Sasa ungefanya nini? Tulishuka wote.

Pesa haikurudishwa. Tuliomba, tukaomba tena, akasema nafasi zetu hazitajazwa, ni hasara yake. Zilijazwa kabla hatujamaliza kugeuka. Ile franka 30,000 ilikuwa kama dolari 18 za kasha, na hizo ndizo tulizopoteza.

Na kuna jambo ambalo tungeweza kulificha, lakini karatasi hii si ya kuficha. Boti ile ilifika Goma salama. Kesho yake vijana wa bandari walitusalimia wakicheka: «Wamama wa majile, wenzenu wamelala Goma, wamekula vizuri.» Mmoja wetu alikasirika siku nzima, si kwa vijana, kwa sisi.

Lakini usiku ule tuliobaki ulitupa kitu. Tulikaa kwenye majani karibu na maji. Kwa mbali taa za wavuvi wa sambaza zilikuwa zimesambaa ziwani kama mtaa mwingine. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, taa zinaning'inia juu ya maji, wavu chini, samaki wanafuata mwanga. Wakati wa kwenda na kurudi wanaimba, mmoja anatoa sauti na wengine wanaitika kwa pigo la kasia. Mzee aliyekuwa karibu nasi alituambia sambaza si mwenyeji wa Kivu. Ilitolewa Ziwa Tanganyika ikamwagwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1950. Sisi tulidhani Mungu aliumba Kivu na sambaza wake siku moja. Mgeni wa miaka zaidi ya 60, na hakuna sahani ya Bukavu inayomkataa.

Boti ya pili ilikuja siku iliyofuata kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya upepo. Ilikuwa kuukuu kuliko ile ya kwanza. Mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye maneno machache, na kila aliyepanda alivishwa jile na mke wake, ambaye alivuta kamba kwa nguvu mpaka unakohoa. Waliobaki bila jile waliambiwa wasubiri. Walitukana, wakasubiri. Bei ilikuwa ile ile, franka 5000. Tunasema hivyo kwa sababu kwenye kikao wengi walidai usalama ni wa matajiri.

Tulivuka maji yakiwa kama mafuta. Upande wa kushoto tulionyeshwa Tchegera, kisiwa kidogo kilichokunjwa kama mwezi mchanga, mdomo wa volkano ya zamani uliobaki juu ya maji. Ni cha hifadhi ya Virunga, kilikuwa na mahema ya watalii, na bei ya usiku mmoja ingetulisha sisi sita mwezi mzima, kwa hiyo tulikiangalia tukapita. Mbele, Nyiragongo ilikuwa na moshi wake kichwani. Tulishuka kwenye mawe meusi, yale ambayo mlima uliyamwaga mpaka ziwani mwezi wa kwanza 2002, na watu wa Goma wameyajengea, wameyafagia, wanauzia samaki juu yake. Mwenyeji wetu alituonya tusikae kwenye mabonde ya chini asubuhi na mapema, kwa ajili ya mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini bila harufu na kuua mbuzi na watoto wamelala. Ardhi ina mazuku, maji yana upepo, barabara zina wenye bunduki. Mmoja wetu alisema kama mtu anatafuta mahali pasipo na hatari Kivu, avae mfuko wake mgongoni aendelee kutembea tu.

Kasha lilikuwa limebaki na dolari 42. Tuliulizana sokoni na kununua majile matatu, dolari 14 kila moja, baada ya kuyajaribu majini pale pale, maana mengine yanayouzwa ni sifongo tu ndani na yanakunywa maji. Fanyeni hivyo hivyo: liloweshe, likandamize chini, ulione linapanda lenyewe. Mwenzetu ndiye aliyeingia ziwani kuyajaribu. Aliingia mpaka kiunoni, halafu mpaka kifuani, halafu akainua miguu. Tulisimama kwenye mawe hatukupumua. Alikaa juu ya maji, macho juu, muda ambao ulionekana mrefu, kisha akatuita: «Linabeba. Leteni la pili.»

Kikao cha siku ya posho iliyopita kilisikia haya yote, na mabishano yalirudi kama yalivyoondoka. Mwishowe ilikubaliwa kwa mikono 22 dhidi ya sita, wengine wakinyamaza. Mkopo wa mananasi utatolewa, kwa masharti: anayekopa anapanda boti ya asubuhi, na anavaa jile la chama kutoka Bukavu mpaka Bukavu, hata likinuka. Kila likelemba tutakata franka 2000 mpaka majile yafike tisa. Wale sita waliokataa bado wanakataa, na mmoja wao ameahidi kuandika hapa juma lijalo sababu zake. Msomeni.

Majile mawili yametoka tangu siku ya kazi moja na wenzetu waliokwenda Idjwi. La tatu liko kwa mama mtunza kasha, nyuma ya mlango. Anayelitaka aliombe kabla ya siku ya kazi ya tatu jioni, na alirudishe likiwa limekauka.